Mkono wa Baba Shiku

Mowlem, Nairobi
Jumapili, 15 Juni 2025

Ndugu yangu mkubwa, Baba Shiku,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Mirriam. Nimeketi mezani tangu tutoke kanisani, miwani puani, na chai imepoa kwa sababu sijui nianzie wapi. Goti lako la kushoto li hali gani? Shiku alinidokezea kwamba siku hizi unashuka shambani na fimbo, ila ukisikia mtu anakuja unaitupa kwenye kahawa. Acha hayo. Mtu wa miaka sabini na mbili akitembea na fimbo hakuna anayemcheka. Na Mama Shiku, presha imeshuka? Mwambie dawa asikatishe hata akijiona mzima kama msichana. Sisi huku hatujambo. Maji ya mfereji huja Jumanne na Ijumaa, stima ikipotea hurudi, na mwenye ploti amepaka ngazi rangi ya kijani ambayo Mirriam anasema ni ya hospitali.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Ndugu yangu, simu yako hukaa na wajukuu, na wakikupa wanaiweka kwa spika, boma zima linasikia mpaka kuku. Haya ninayokuandikia ni yako peke yako kwanza, halafu wewe utaamua ni nani mwingine ayajue. Na tena mdomo wangu ni mwoga. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara nyingi, nikaishia kuuliza habari za mvua.

Kijana aliyekuletea barua hii anaitwa Ooko. Mpe kiti na chai, asiondoke. Nimemwambia ukianza kusoma yeye atoke nje akaangalie kahawa, maana ameinywa miaka yote na hajawahi kuona mti wake. Atakuuliza maswali ya kitoto, mvumilie. Ule mkebe aliobeba usiufungue mpaka umalize kusoma. Nakuomba sana hapo.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Mwezi wa Aprili nilikupigia simu kukuomba upike muratina, ile pombe yetu ya asali, ya ruracio ya binti yangu Mukami, siku ya kupokea mahari yake, mwezi wa Agosti. Ulinijibu kwa upole, na upole wako ndio ulionichoma. Ulisema vibuyu vyako vimetundikwa miaka ishirini, kwamba mkono wako ulikufa ile siku ya Shiku, na kwamba hutaki kumharibia Mukami siku yake kama ulivyomharibia binti yako mwenyewe. Ukasema tununue soda, wazee wa siku hizi wameokoka, hawatauliza. Nilisema sawa, nikakata simu. Mukami alipopata jibu lako alilia, na unajua si msichana wa kulia ovyo. Anataka aulizwe mbele ya watu kama pombe ile inywewe au isinywewe, aionje, anipe mimi pembe ya kunywea, kama alivyofanya mama yetu siku yake. Na anataka iwe imepikwa na wewe, si mtu mwingine. Basi barua hii ni ya kukuomba mara ya pili, ila kuna jambo ulipaswa kulijua kabla hujanijibu ile ya kwanza.

Nianze na huyu kijana, maana bila yeye nisingekuwa nimeshika kalamu. Mwaka jana Mukami alituambia amepata mtu. Alimsifu vizuri. Baba yake, Mzee Odero, alistaafu kazi ya kanjo, baraza la jiji, na mama yake, Roseline, ni mkaribishaji kanisani kwao Huruma. Kwamba ni Mjaluo halikunisumbua hata kidogo. Nimesimama kwenye mashine ya kuchonga vyuma miaka thelathini na mmoja, na nusu ya ninachokijua nilifundishwa na Wajaluo. Nikauliza kijana anafanya kazi gani. Mukami akatazama sahani, akasema anapika bia. Ana kiwanda chake kidogo na wenzake wawili, wanapika matangi machache tu, bia za aina yao wenyewe, si zile za kila baa. Niliweka kijiko chini. Wewe kuliko watu wote unajua kwa nini.

Nilimwambia kwamba nikiwa hai sitampa binti yangu mtu wa pombe. Nilimwambia nimekunywa sehemu yangu na sehemu ya ukoo mzima, na kwamba harufu ile haitakaa tena kwenye meza hii. Hakubishana nami. Alisema tu kwamba Baba Shiku hakunihukumu mimi kabla ya kuja kuniona kwa macho yake. Ndugu yangu, huyo mtoto anajua pa kupiga. Alikuwa na miaka tisa ulipokuja kukaa nasi, na mimi nilidhani hakumbuki.

Kwa hiyo Jumamosi moja nilikwenda. Kiwanda kiko ndani ya godauni huko Industrial Area, upande unaopakana na Mukuru kwa Reuben, na nilipofika ndipo nikaona ni barabara ile ile ya karakana yetu ya zamani. Karakana haipo, siku hizi wanauza vigae. Lakini kile kibanda cha chai kipo. Kimewekwa mabati mapya, na yule mama aliyekuwa akikupa mahamri ya jana kwa bei ya nusu ameshastaafu, siku hizi anayeuza ni binti yake. Nilisimama hapo nikashindwa kuendelea. Benchi ni lile lile, lile lenye mguu mmoja mfupi. Siku arobaini uliketi pale, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ukiangalia geti, ili nikitoka kazini nikukute wewe kabla sijaikuta baa. Uliacha kahawa yako ikiwa imeiva mtini. Ulilala kwenye kochi letu, umelisukuma mlangoni, miguu ikining'inia nje kwa sababu u mrefu kuliko lile kochi. Kila asubuhi ulinipikia uji na kunishika mkono hadi stendi kama mtoto wa chekechea, na majirani wakituangalia. Sikuwahi kukushukuru ipasavyo. Nilikuwa na sababu yangu ya kutokushukuru, nitaifikia.

Ooko alinipokea langoni. Mukami alikuwa ameshamwambia kwamba mimi sinywi, na kwa nini, na nilijiandaa kuona huruma usoni mwake, kwa maana hakuna kinachoniudhi kama huruma. Haikuwapo. Alikuwa ameniwekea glasi ya maji na ndoo ndogo ya kutemea, akaniambia kwamba hata wao wakiwa kazini hawamezi, wanaonja na kutema, la sivyo kufikia saa sita wote wangekuwa sakafuni. Akasema kama sitaki hata kuonja, ninuse tu, kwa sababu kazi kubwa ni ya pua. Mwenzake mmoja akanisalimia sasa buda, kwa lugha ya mtaani, na Ooko akamkanyaga mguu akidhani sioni. Mimi sikuudhika. Nimeitwa mabaya zaidi kwenye barabara ile ile.

Wewe ungependa pale, Baba Shiku. Ni pasafi kuliko jikoni kwa Mirriam, ila usimwambie. Walinionyesha shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, nikaitafuna, tamu kama njugu. Walinionyesha maua makavu ya kijani yanayotoka ng'ambo, ndiyo yanayoleta uchungu, na niliponusa niliona ni kama majani ya chungwa yaliyopondwa. Matangi ni ya chuma kisichoshika kutu, marefu, na mimi kwa kuwa ni fundi niliangalia kwanza jinsi yalivyounganishwa. Nikaona valvu moja inavuja, tone baada ya tone, na kijana ameweka bakuli chini. Niliomba spana. Nusu saa baadaye bakuli halikuhitajika tena, na mimi nilikuwa nimejipaka grisi kwenye shati la kanisani. Niliporudi nyumbani Mirriam aliniuliza kama nimeenda kumkataa mtu au kumtengenezea mashine.

Baada ya hapo nikawa naenda kila Jumamosi. Nilisema ni kuangalia valvu. Mukami alicheka tu na mama yake jikoni. Mara ya tatu Ooko alinichukua tukatembelee wapishi wenzake, maana hawa watu hutembeleana, huonjana kazi, na kuambiana ukweli bila kununiana. Tulikwenda Kariobangi, kwa mama mmoja wa Kitui anayeitwa Kavata. Kiwanda chake ni vyumba viwili nyuma ya mafundi wa masufuria, na kelele ya nyundo haikatiki. Anapika kwa mtama na wimbi, anaongeza asali ya kwao na ukwaju. Mikono yake imejaa makovu ya mvuke, na alipokuwa akikoroga niliona anafanya ulivyokuwa ukifanya wewe, anafumba macho kidogo halafu anainua mwiko ananusa mbao yenyewe wala si pombe. Nilimwambia nina ndugu anayefanya hivyo. Akaniuliza ndugu huyo anapika wapi. Nikasema aliacha. Akasema pole, kama mtu anayepewa habari ya msiba.

Nikuchekeshe kidogo. Nilikuwa nimevaa kofia na kuivuta mpaka kwenye nyusi, mzee wa kanisa mzima ndani ya nyumba ya pombe. Nilipogeuka, nani ameketi pembeni na kigilasi mkononi? Mwalimu wetu wa kwaya. Tulitazamana muda mrefu sana. Halafu yeye akanisalimia kwamba mvua imechelewa mwaka huu, nami nikajibu kwamba kweli imechelewa, na tangu siku hiyo anazipokea nyimbo zote ninazopendekeza.

Sasa nafika mahali pagumu. Mwisho wa mwezi wa nne, wiki mbili baada ya wewe kunikatalia kwenye simu, Ooko alipanga vigilasi vitano juu ya meza. Ni mchezo wanaofanya kujizoeza pua. Bia ni ile ile, lakini nne wameziharibu makusudi, moja imekaa juani, nyingine imewekwa kwenye chombo kichafu, na kadhalika, na anayenusa anatakiwa aseme kosa ni nini. Wale vijana walikuwa wakikisia na kucheka. Walinipa na mimi. Kigilasi cha kwanza sikujua, cha pili sikujua. Cha tatu sikukifikisha hata puani vizuri. Nilisema hii imetiwa maji, na imetiwa baada ya pombe kuiva.

Ooko akaniambia kwamba hilo ndilo gumu kuliko yote, kwamba wao wenyewe lilichukua miezi kulikamata, kwa kuwa pombe ya namna hiyo haina harufu mbaya, ina harufu ya kupungukiwa tu. Kavata naye alikuwapo siku hiyo. Akasimulia kwamba miaka mitatu iliyopita alikaribia kufunga kiwanda chake. Wateja wa baa moja walikuwa wakilalamika kwamba pombe yake imechuja. Akabadilisha mtama, akabadilisha maji, akatupa chachu aliyoitunza tangu aanze, akalia, akaamini kwamba kipaji kimemtoka. Kumbe ni mhudumu wa baa aliyekuwa akikinga nusu na kujazia maji. Kavata akasema kwamba mwizi hakumwibia pombe, pombe inapikwa nyingine. Alimwibia kuuamini mkono wake, na hilo lilichukua mwaka mzima kurudi. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje, nikaenda kuketi kwenye lile benchi lako.

Ooko alinifuata. Aliagiza chai mbili. Nikamwambia yeye, kijana wa watu, nisiyemjua hata mwaka, jambo ambalo sijamwambia Mirriam. Nikadhani atainuka. Alimaliza chai yake, akasema kwamba yeye hana neno, lakini kuna mzee huko Kirinyaga anayepaswa kulisikia, na kwamba nikiogopa kulisema niliandike, yeye atalipeleka. Basi nalisema.

Baba Shiku, mkono wako haukufa. Pombe ya ruracio ya Shiku niliitia maji mimi.

Unakumbuka ulinipa kazi ya kukaa na kibuyu. Nilifika Alhamisi, ukaniambia ndugu mdogo ndiye hulinda pombe ya kaka yake, nikeshe nacho pale jikoni kwenye joto, kisiguswe. Ulijua nakunywa, kila mtu alijua, lakini ulinipa kazi hiyo ili wazee waone bado unaniamini. Ijumaa mchana nyote mlikuwa nje mnafunga turubai na kuchinja. Nilionja funiko moja. Ilikuwa nzuri, ndugu yangu, sijawahi kuonja muratina kama ile kabla yake wala baada yake, na naandika hivyo nikijua kwamba inaumiza. Nikaonja tena. Kufikia saa kumi nilipotikisa kibuyu nilisikia kimebaki nusu. Nikachukua maji ya mtungi, nikachukua sukari ya Mama Shiku ya chai ya wageni, nikakoroga, nikajaza hadi shingoni. Nikaosha kinywa kwa majivu na kukaa pale nikikungoja. Ulikuja ukaniuliza kama kila kitu ni sawa. Nikasema ni sawa.

Mengine unayajua, ulikuwa mbele yangu. Nilikuwa nimeegemea nguzo ya turubai wakati Mzee Gachoki, baba mkubwa wa Kim, mume wa Shiku, alipopiga funda moja, akatulia, halafu akaiweka pembe chini polepole na kupangusa mdomo. Hakusema neno. Angesema ingekuwa afadhali. Pembe ikapita kwa wengine, na kila mmoja alifanya vile vile. Nilikuona ukiichukua wewe mwenyewe, ukionja, na uso wako ukibadilika. Hukutafuta mwizi. Hukunitazama hata mara moja. Ulijitazama kiganja. Miaka ishirini nimekuwa nikikiona kiganja hicho. Siku zilizofuata watu wa kijiji kizima walisema wewe, Chege, umeishiwa, nawe ulikubaliana nao, ukatundika vibuyu, na hakuna aliyekuita tena kupika. Nilikuwa na mdomo, na sikuufungua.

Na baada ya mwaka mmoja wewe ndiye uliyekuja Mowlem. Wengine wote walikuwa wamechoka nami, na kwa haki. Ulikuja na begi dogo na blanketi, ukasukuma kochi mlangoni. Ulinisafisha nilipotapika. Ulinishika nilipotetemeka. Kila asubuhi nikiamka nilikuona umelala pale, nikasema leo nitamwambia. Siku ya arobaini ulipofunga begi uliniambia jambo ambalo huenda umelisahau. Ulisema Mungu alikuchukulia mkono wa kupika pombe ili akupe wa kumtoa ndugu yako kwenye pombe, na kwamba umeridhika na mabadilishano hayo. Ningekuambiaje baada ya hapo? Ulikuwa umeshapata maana ya hasara yako, na ilikuwa ya uongo, na niliyeitunga ni mimi. Nilikusindikiza hadi stendi nikikuchukia kidogo kwa wema wako, Mungu anisamehe. Tangu siku hiyo tone halijapita kooni mwangu, wala huku kwa kina Ooko, nakuapia. Lakini kila nilipopongezwa kanisani nilijua ninavaa koti la mtu.

Sasa fungua mkebe.

Ni wa kakao, sijapata mwingine. Kilichomo humo unakijua. Jumatatu ile baada ya ruracio ulivitupa vipande vyako vyote vya tunda la mti wa muratina, linalochachusha pombe, vile ulivyorithi kwa baba naye kwa baba yake, kwenye shimo la takataka nyuma ya zizi la mbuzi. Ulipokwenda kusindikiza wageni wa mwisho niliingia shimoni, nikaokota kimoja. Kwa nini, sijui hata leo. Labda nilitaka kuwe na kitu cha kunihukumu. Kimekaa juu ya kabati langu miaka ishirini, na Mirriam alidhani ni dawa ya kienyeji ya mgongo.

Nilimpa Ooko akitazame. Alikishika kwa vidole viwili kama yai. Akaniambia kwamba chachu ni kiumbe kigumu, ikikaushwa vizuri inaweza kulala miaka mingi kwenye nyuzi za tunda, na kwamba hawezi kuahidi kitu. Akakitia kwenye chupa ya maji ya vuguvugu na asali ya Kavata. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Nilimpigia simu mara nyingi hadi akaacha kupokea, nikampigia Mukami. Siku ya nne jioni alikuja Mowlem akiwa ameificha chupa ndani ya jaketi, akaiweka mezani hapa hapa ninapoandikia. Vilikuwa vinapanda, Baba Shiku. Vipovu vidogo vidogo, kutoka kwenye kile kipande, mfululizo. Mirriam aliweka sikio kwenye chupa akasema inaongea. Ooko, kwa kuwa ni mkweli, alisema hawezi kuapa kwamba yote ni chachu yako, huenda nyingine imeingia kutoka hewa ya godauni. Nilifungua kifuniko nikanusa. Ilikuwa jikoni kwako, na mama bado yu hai, na wewe umefumba macho na mwiko mkononi. Huyo kijana anajua vitabu, lakini harufu hiyo naijua mimi. Nilimwambia Mirriam yote jioni ile. Amenisamehe kwa mengi, ila kwa hili amesema msamaha si wake.

Ooko amekikausha kipande tena kwa utaratibu, na hicho ndicho ulicho nacho. Hakikuwahi kufa. Wewe pia hukuwahi kukosea. Mtu wa kuulizwa kuhusu ile siku ni mimi, na nitaulizwa, kwa sababu nimeshamwomba Kim amlete Mzee Gachoki mwezi wa Agosti hata kama ni kwa kubebwa. Anasikia kwa sikio moja, basi nitasema kwa sauti. Nitasimama mbele ya wazee wa pande zote, wetu na wa kina Odero, niseme nilichofanya na nilimfanyia nani, na faini watakayonipa nitaitoa. Hilo nitalifanya upike au usipike.

Na ukikataa, sitalalamika. Mrudishie Ooko mkebe, atajua. Ukitaka nisije kwako tena, mwambie Shiku aniambie, nitaelewa. Lakini huyo kijana aliye nje hapo anataka kujifunza kutoka kwako, na amekubali kuchota maji, kupasua kuni na kunyamaza, hayo matatu niliyomwambia ndiyo ada yako. Nilisema sitampa binti yangu mtu wa pombe. Nimempa. Nimeona kwamba pombe inaweza kushikwa na mtu mwenye heshima nayo, na nilipaswa kulijua hilo mapema, kwa kuwa nilizaliwa nyumba moja na mtu wa namna hiyo.

Ukikubali, siku hiyo Mukami ataulizwa, ataonja, atanipa pembe. Mimi sitakunywa. Nitainusa tu, kwa pua hii niliyobaki nayo, kisha nitakupa wewe unywe mbele ya watu wote. Nataka nikuone uso.

Nashukuru kwa siku arobaini. Nashukuru kwa uji, kwa mkono hadi stendi, na kwa miguu yako iliyoning'inia nje ya kochi. Nimekuwa nikishukuru kimoyomoyo miaka yote, na leo ndiyo mara ya kwanza shukrani yangu haina doa la uongo.

Mama Shiku nampa pole kwa ile sukari. Mirriam anakusalimu, anasema ukija Agosti kochi sasa ni jipya na ni refu. Wasalimie wajukuu, Shiku na Kim, na ng'ombe wako mkali. Goti lipakwe dawa, fimbo isitupwe.

Ni mimi mdogo wako, uliyeniamini na kibuyu,

Muriuki